Jani la maramia na umbali wa goti

Shangazi yangu wa Unguja hanunui maramia, anatumiwa. Mwanawe yuko Maskati, na kila mtu wa kwetu akirudi kutoka huko, ndani ya sanduku lake, baina ya kanzu na halua, hukosi kukuta mfuko wa majani makavu ya rangi ya kijivu. Ukifunguliwa tu, ukumbi mzima unanukia: harufu iliyo kati ya kafuri na mkaratusi, na nyuma yake uchungu fulani. Shangazi huchukua majani matatu manne, huyatia kwenye birika la chai ya rangi na kulifunika. Zamani kazi ya majani hayo ilikuwa tumbo na koo. Mwaka huu ameyaongezea kazi nyingine, magoti.

"Mwanangu, wewe umekaa duka la dawa miaka yote hii," aliniambia. "Nambie kweli. Haya majani yanatoa uvimbe, au najifariji tu?"

Siku ile nilimjibu haraka haraka, na jibu langu halikunitosha hata mwenyewe. Swali lake moja lina maswali matatu ndani yake. Ndani ya jani mna nini? Hicho kilichomo kinaufanya nini uvimbe? Na je, kinafika gotini? Wengi wanaosifu mitishamba hujibu la kwanza na la pili, kisha hulipita la tatu kama halipo. Kwa mgonjwa, hilo la tatu ndilo lenye uzito.

Kwanza mmea wenyewe. Maramia ni jina la Kiarabu, na Wakenya wengi wa mijini wanaujua kwa jina la seji. Wataalamu wa mimea wanauweka katika jenasi ya Salvia, jina lililotoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya kuponya na kusalimisha. Jenasi hiyo ina karibu spishi 1,000, nayo ni ya ukoo wa mnanaa, mrehani na kivumbasi. Ukipita kwenye kichaka cha kivumbasi jioni kikakugusa mguuni, harufu inayobaki kwenye nguo inakwambia undugu huo. Rozmari nayo imo humo humo: mwaka 2017 wataalamu walionyesha kwamba si jirani wa Salvia bali ni Salvia kamili, na siku hizi inaandikwa Salvia rosmarinus. Hata zile mbegu za chia zinazolimwa Uganda na kuuzwa kwenye maduka ya vyakula vya afya ni Salvia, asili yake Mexico na Guatemala.

Kwa hiyo mtu akisema "seji inatibu", swali la kwanza ni seji ipi. Maramia inayonywewa na chai huko Palestina, Jordan na Lebanoni, na kusafiri hadi maduka ya Ghuba, kwa kawaida ni Salvia fruticosa. Seji ya bustani za Ulaya ni Salvia officinalis. Wachina wana yao, danshen, Salvia miltiorrhiza, ambayo hawatumii jani lake bali mzizi wake mwekundu. Hizi tatu ni ndugu, lakini kilichomo ndani yao kinatofautiana, na tofauti hiyo tutaiona mbele.

Sisi wa Afrika Mashariki tunayo yetu pia, na jina lake lina kisa. Mwaka 1763 Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus, yule Mswidi aliyeweka mtindo wa kuupa kila mmea jina la maneno mawili, alikuwa Yemen katika msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark. Alikuwa na tabia ninayoiheshimu sana: aliuliza wenyeji mmea unaitwaje, akaandika kama walivyotamka. Malaria ilimuua huko huko Yemen mwezi Julai mwaka huo. Carsten Niebuhr, mtu pekee wa msafara ule aliyerudi hai, akazichapisha kumbukumbu zake mwaka 1775, na ndani yake mna mmea uitwao Salvia merjamie. Soma hilo jina la pili kwa sauti: ni maramia ile ile, iliyoandikwa na mgeni aliyekuwa anasikiliza. Mmea huo huo unaota katika nyanda za juu za Ethiopia, Kenya na Tanzania. Forsskål mwenyewe aliachiwa ukumbusho ndani ya ukoo huu: forskolini, kemikali inayotoka kwenye mmea ambao Wakikuyu wanauita maigoya, imepewa jina kwa ajili yake.

Sasa uvimbe. Kiswahili cha kitabibu kina neno mchochota, na ingawa nyumbani hatulitumii, ni neno zuri kwa sababu linabeba zaidi ya kuvimba. Mrumi Celsus, katika karne ya kwanza, alitaja dalili zake nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Mtu yeyote aliyewahi kuchomwa na mwiba wa samaki anazijua zote nne bila kufundishwa. Kinachotokea ndani ni hiki. Seli zilizoumia hutoa ishara ya hatari. Ndani ya seli za jirani kuna protini iitwayo NF-kappa B, iliyotambuliwa mwaka 1986 na Ranjan Sen na David Baltimore. Siku za amani protini hiyo hukaa imefungwa pingu na protini nyingine. Ishara ikifika, pingu hukatwa, nayo huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni nyingi kwa mpigo, zikiwamo zile zinazotengeneza kemikali za kuita askari wa mwili. Ni kama mpiga mbiu anayefunguliwa mlango: akishatoka, mtaa mzima unajua.

Wakati huo huo kazi nyingine inafanyika kwenye ukuta wa seli. Ukuta huo una mafuta, na mojawapo ya mafuta hayo, asidi ya arakidoniki, hukatwa na kupitishwa njia mbili. Njia ya kwanza inasimamiwa na vimeng'enya vya COX, navyo huzaa prostaglandini, ambazo huleta joto na kufanya neva ziume hata kwa kuguswa kidogo. Njia ya pili inasimamiwa na kimeng'enya cha 5-lipoksijenesi, nacho huzaa lukotrini, ambazo huita seli nyeupe za damu na kubana njia za hewa. Aspirini ilikuwa dukani tangu mwisho wa karne ya 19, lakini ilibidi kungoja mwaka 1971 mpaka John Vane, jijini London, aonyeshe kwamba inafanya kazi kwa kuziba ile njia ya kwanza. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1982, pamoja na Sune Bergström na Bengt Samuelsson. Diklofenaki na ibuprofeni ninazouza kila siku zinapita mlango huo huo.

Hasara ya mlango huo inajulikana na kila mtu mwenye vidonda vya tumbo. Prostaglandini si adui mtupu. Baadhi yake zinalinda ukuta wa tumbo dhidi ya tindikali, na ukiziba njia tangu mwanzo, unanyima goti maumivu na unanyima tumbo ulinzi. Ndiyo maana watafiti wanaendelea kupekua majani kama haya, wakitafuta kitu kinachoziba mbele zaidi, karibu na madhara, mbali na manufaa.

Basi chukua jani moja la maramia ulitazame karibu. Juu lina manyoya mafupi, laini kama velveti, hayo ndiyo yanayolipa rangi ya kijivu. Ukiwa na lenzi ya kukuza utaona, katikati ya manyoya, vitufe vidogo vinavyong'aa. Ndani ya vitufe hivyo mna mafuta ya kunukia. Ukilisugua jani kwa vidole vitufe vinapasuka, na harufu inapanda. Karibu kila mtu huchukulia kwamba harufu hiyo ndiyo dawa, na kadiri inavyopenya puani ndivyo dawa ilivyo kali. Nami niliamini hivyo kwa miaka.

Wanakemia wakilichambua jani hilo wanapata makundi mawili yasiyopendana. Kundi moja linapenda maji. Mkubwa wao ni asidi ya rosmariniki, iliyotolewa kwa mara ya kwanza kutoka kwenye rozmari na Waitaliano wawili, Scarpati na Oriente, mwaka 1958. Kundi la pili linakimbia maji na kupenda mafuta au spiriti: asidi ya karnosiki na mtoto wake karnosoli, asidi ya ursoliki, na yale mafuta ya kunukia ambayo ndani yake mna sineoli, kafuri na thujoni.

Unaweza kuyatenganisha makundi haya jikoni kwako. Tia kiganja cha majani kwenye glasi ya maji ya moto, funika, subiri dakika kumi. Tia kiganja kingine kwenye mafuta ya nazi yaliyopashwa polepole juu ya maji yanayochemka. Maji yatageuka rangi ya majano yenye hudhurungi, na ukionja ulimi utakauka na kukazika. Mafuta yatakuwa ya kijani na kunukia sana, lakini huo ukavu wa ulimi hutauona. Ni jani lile lile, na umepata vitu viwili tofauti. Kwa hiyo anayekunywa chai ya maramia na anayejipaka mafuta ya maramia wasidhani wanatumia dawa moja. Na chai hiyo usiichemshe kwenye chungu cha chuma kisichopakwa kitu: itageuka nyeusi, kwa sababu asidi ya rosmariniki na wenzake hukamata madini ya chuma. Hilo linaonekana kwa macho sufuriani, na tumboni linatokea vivyo hivyo, kwa madini ya chuma yaliyomo kwenye mchicha na maharage. Mwenye upungufu wa damu aiweke mbali na chakula.

Asidi ya rosmariniki inafanya kazi kadhaa zilizopimwa maabara. Inazima kemikali za kuunguza ambazo seli nyeupe humwaga vitani, na inazuia hatua mojawapo ya mfumo wa komplimenti, zile protini za damu zinazochochea mchochota. Lakini hao wa mafuta ndio walionishangaza zaidi nilipoanza kusoma habari zao.

Mwaka 2001 watafiti wa Slovenia na Italia walichukua majani ya Salvia officinalis, wakayakamua kwa vimiminika mbalimbali, kisha wakajaribu kila kimoja kwenye masikio ya panya yaliyopakwa mafuta ya krotoni ili yavimbe. Mafuta ya kunukia, yale yenye harufu yote, hayakufanya kitu. Kilichotolewa kwa methanoli kilifanya kidogo sana. Kilichofaulu ni kile kilichokamuliwa kwa vimiminika vinavyopenda mafuta, na walipotafuta sababu wakaikuta ni asidi ya ursoliki, kitu kisicho na harufu, cha namna ya nta, kinachopatikana pia kwenye ganda la tufaha. Kwenye masikio yale ilihitajika karibu nusu ya kiasi cha indomethasini kupata matokeo yale yale, na indomethasini ni dawa kali ya uvimbe ambayo daktari haiandiki ovyo. Nilipoisoma habari hiyo nilirudi kwenye mfuko wa shangazi nikaunusa tena. Harufu niliyoiamini miaka yote haikuwa na kazi hata moja juu ya sikio lile.

Asidi ya karnosiki na karnosoli zina kisa chao. Watafiti wa Ujerumani walionyesha mwaka 2008 kwamba zinaziba 5-lipoksijenesi, yaani ile njia ya pili ambayo aspirini haiigusi. Mwaka 2012 wakaonyesha kwamba zinaziba pia kimeng'enya cha mwisho kabisa katika utengenezaji wa prostaglandini E2, kiitwacho mPGES-1. Huku ndiko kuziba mbele nilikokutaja: COX inaachwa iendelee, na kinachozuiwa ni ile prostaglandini moja inayoleta maumivu na joto. Kwenye karatasi, hiyo ni dawa ambayo kila kampuni ingetamani kuwa nayo.

Lakini hayo yote yalipimwa kwenye sahani ya maabara. Huko mtafiti huchukua seli, akaziogesha katika kemikali kwa kiasi anachokitaka, na hakuna kinachoizuia kuzifikia. Ndani ya mtu ipo safari. Jani linaingia kinywani, linapita tindikali ya tumbo, linafika kwenye utumbo wenye bakteria wasiohesabika ambao wanalivunja kabla halijavuka ukuta. Kinachovuka kinapelekwa ini, na ini hukifunga vifurushi ili kitolewe kwa mkojo. Mwaka 2005 watafiti wa Japani waliwapa wanaume sita miligramu 200 za asidi ya rosmariniki, wakakusanya mkojo wao kwa saa 48. Walichokipata, ukijumlisha asidi yenyewe na vipande vyake, kilikuwa kama asilimia 6 ya kile walichokunywa. Asidi ya ursoliki nayo, bingwa wa masikio ya panya, haiyeyuki katika maji, na utumbo huinyonya kwa shida. Kwa maneno mengine, chai ya shangazi inapokea majani, inaacha ursoliki karibu yote kwenye masalio yanayotupwa, na ile rosmariniki inayoingia mwilini inafika kwenye damu kidogo na ikiwa imeshageuzwa. Kutoka hapo bado kuna goti.

Ndiyo maana naamini mambo yanayosemwa juu ya jani hili pale linapogusa moja kwa moja. Koo ni mahali pa namna hiyo. Mtu akisukutua, kemikali zile zinalala juu ya nyama iliyovimba kwa kiasi kikubwa, bila kupitia tumboni wala kwenye ini. Nchini Uswisi lilifanyika jaribio, matokeo yake yakatoka mwaka 2009, kwa wagonjwa 154 wenye maumivu makali ya koo. Wengine walipuliziwa mchanganyiko wa seji na ekinasia, mmea mwingine wa dawa, wengine dawa ya kawaida yenye klorheksidini ya kuua vijidudu na lidokaini ya kutia ganzi. Baada ya siku tatu, waliopata nafuu upande wa mitishamba walikuwa asilimia 63.8, na upande wa pili asilimia 57.8, yaani walikwenda sambamba. Tusilikuze jaribio hilo: seji haikuwa peke yake, na hapakuwa na kundi lililopuliziwa maji matupu. Hata hivyo ni watu, si panya, na ni koo lenyewe.

Shirika la Dawa la Umoja wa Ulaya, katika mwongozo wake wa jani la seji, linakubali matumizi manne kwa msingi wa mazoea ya muda mrefu: kusukutua mdomo na koo lenye mchochota, kupaka kwenye ngozi yenye mchochota mdogo, kupunguza jasho lililozidi, na kutuliza tumbo lisilosaga vizuri. Mawili ya mchochota ni ya kugusa. Magoti hayamo. Kwa kusukutua, kipimo wanachokitaja ni gramu 2.5 za majani katika mililita 100 za maji yanayochemka. Ni chai nzito kuliko ile ya kunywa, chungu hasa, na huimezi.

Kuna njia moja ambapo kumeza kunafanya kazi, na inaeleza vizuri habari ya umbali. Sineoli, ile inayonukia kama mkaratusi, ni nyepesi na hupaa. Mtu akiimeza ndani ya kapsuli huingia kwenye damu, na sehemu yake hutokea mapafuni pamoja na pumzi. Mwili wenyewe unaipeleka mahali. Mjini Bonn, Ujerumani, wagonjwa 32 wa pumu waliokuwa wakitegemea vidonge vya prednisoloni, dawa kali ya kutuliza mchochota, walipewa ama sineoli safi miligramu 200 mara tatu kwa siku, ama kapsuli tupu, kwa wiki 12. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: waliopewa sineoli waliweza kupunguza prednisoloni yao kwa asilimia 36, wenzao kwa asilimia 7. Harufu ile ile ambayo haikulifaa sikio la panya ililifaa pafu la mtu. Lakini hiyo ilikuwa sineoli iliyosafishwa na kupimwa, chini ya daktari. Mwenye pumu asiache dawa yake ya kuvuta kwa sababu ya birika la chai.

Wanasayansi nao wanajua tatizo hili la safari na wanalihangaikia. Asidi ya karnosiki, mbali na kuziba vimeng'enya, ina tabia moja ya ajabu: inapofika mahali penye uchomaji mwingi wa oksijeni, yaani pale pale penye mchochota, hugeuka umbo, na umbo hilo jipya huiamsha protini iitwayo Nrf2 inayowasha kinga za ndani za seli. Ni dawa inayolala mpaka ikutane na moto. Shida ni kwamba hailali vizuri: ikikaa dukani huharibika upesi. Mwaka 2025 watafiti wa taasisi ya Scripps, Marekani, walitangaza umbo lililotulia, linalogeuzwa kuwa asidi ya karnosiki likishamezwa, na panya wenye ugonjwa unaofanana na Alzheimer waliopewa dawa hiyo walipata nafuu ya kumbukumbu. Ni panya bado. Ila unaona wanachofanya: jani wanalijua, wanatengeneza chombo cha kulisafirisha.

Wachina walitafuta njia nyingine kwa danshen yao. Mzizi ule una tanshinoni, kemikali nyekundu zilizotolewa na Wajapani mwaka 1934, na una asidi ya salvianoliki B, ambayo ukiitazama kwa umbo ni kama rosmariniki mbili zilizoshikana. Hospitali za China hutumia tanshinoni iliyofanywa iyeyuke majini, ikachomwa kwa sindano moja kwa moja kwenye damu, hasa kwa wagonjwa wa moyo. Danshen iko pia kwenye vidonge vinavyouzwa mitandaoni, na hapa nasema kama mtu wa duka la dawa, kwa uzito wote: anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiiguse. Madaktari wa Hong Kong waliripoti katika miaka ya 1990 wagonjwa waliochanganya vitu hivyo viwili na damu yao ikawa nyepesi kupita kiasi, ikahatarisha maisha yao. Kuwa mmea ni ndugu wa chai ya bibi hakuufanyi kuwa mpole kama chai ya bibi.

Na hata chai ya bibi ina mpaka wake. Seji ya Ulaya ina thujoni nyingi kwenye mafuta yake, na thujoni huziba breki za ubongo. Ikizidi huleta degedege. Shirika lile la Ulaya limeweka kikomo cha miligramu 6 za thujoni kwa siku. Maramia ya Shamu, Salvia fruticosa, ina thujoni kidogo na sineoli nyingi, na nadhani ndiyo maana watu wa huko wameinywa asubuhi na jioni kwa vizazi bila taabu. Hatari kubwa imo kwenye vile vichupa vya mafuta safi ya seji. Tone la mafuta yale limekusanya majani mengi, na wapo watu, watoto wadogo wakiwamo, waliopata degedege baada ya kuyameza. Yasimezwe kabisa. Mama mjamzito aiache seji, na anayenyonyesha pia, kwani tangu zamani majani haya yametumiwa kukausha maziwa.

Nilirudi kwa shangazi Ijumaa moja baada ya sala, safari hii nikiwa na jibu refu. Nilimweleza habari ya maji na mafuta, ya panya na masikio yake, na ya asilimia 6. Alisikiliza huku akichambua vijiti kutoka kwenye majani. Nikamwomba anionyeshe dawa zake za presha tuzihesabu pamoja. Wafarini haikuwamo, nikashusha pumzi. Nikamwambia chai yake aendelee nayo kama anaipenda, kikombe kimoja au viwili, isiambatane na chakula, na koo likimuuma aikoleze asukutue.

"Na magoti?"

"Magoti hayafikiwi na chai, shangazi. Jumatatu nakuja kukuchukua twende kwa daktari wa mifupa."

Akafunika birika kwa kisahani, akalisogeza upande wangu. "Basi ninywe yangu kwa utamu wake tu," akasema. "Nawe kunywa, koo lako limekauka kwa maneno."